TIRAMISU SIO YA MASAKI PEKE YAKE: ALIYEMPONDA BINTI WA RUHEMBE KACHEMKA VIBAYA

Kuna staa mmoja wa mapishi hapa Bongo, yule wa jiko jeupe pee na aproni yenye jina lake, kaamua kumfanya binti wa watu kichekesho. Binti mwenyewe yuko Ruhembe, kule Kilosa kwenye miwa. Kamaliza zake Fomu Foo, hakuendelea, anauza tiramisu ya kwenye vikombe vyenye mfuniko, kikombe shilingi 2,000. Kapiga picha vikombe vyake, karusha mtandaoni kama mjasiriamali yeyote anavyofanya. Staa kaidaka ile picha, kaiweka kwenye video yake, kaanza kuichambua huku anacheka. Eti hakuna tiramisu bila mascarpone ya dukani. Eti hakuna bila biskuti za savoiardi kutoka Italia, hakuna bila mvinyo wa Marsala. Na lile la mwisho ndo liliuma zaidi: eti maziwa ya kupitishwa mlangoni na akina mama wa Kimasai sio ya kutengenezea kitu cha kumpa mgeni.

Watu wakacheka sana. Kucheka ni bure.

Kilichofuata ndo hakichekeshi. Kamati ya sendoff moja pale Mikumi ilikuwa imeagiza vikombe 80 kwa huyo binti. Advansi ya shilingi 80,000 ilishatoka. Mayai trei mbili yalishanunuliwa, maziwa madumu mawili ya lita 20 yalishalipiwa kwa wafugaji, yaletwe Jumatano alfajiri kwa ajili ya shughuli ya Jumamosi. Jumanne usiku video ikatua kwenye grupu la kamati. Alfajiri, maziwa yakiwa njiani, mama mweka hazina akapiga simu kwa upole kabisa, akamwita "mwanangu", akamweleza kuwa kamati imeona iweke keki ya kawaida na ile hela irudi. Sasa maziwa hayajui mambo ya kamati. Yakishakamuliwa yamekamuliwa.

Wadau, hapa kuna mtu kadanganya umma, na sio wa Ruhembe.

Kwa ambaye hajakutana na hiki kitu: tiramisu ni kitu tamu cha baada ya msosi, kinapangwa kwa tabaka. Chini biskuti laini zilizochovywa kwenye kahawa kali isiyo na maziwa, juu yake krimu ya viini vya mayai, sukari na mascarpone, kisha biskuti tena, krimu tena, na juu kabisa unga wa kakao mchungu. Hakiokwi. Kinakaa kwenye friji mpaka kishikane. Jina lenyewe kwa Kiitaliano ni kama kusema "ninyanyue", na ukishakula kahawa, mayai na sukari kwa mpigo utaelewa kwa nini.

Staa anakiongelea kama vile kilishushwa kutoka ikulu ya wafalme. Ukweli ni kwamba ni chakula cha juzi tu. Mgahawa unaotajwa zaidi ni Le Beccherie, mji wa Treviso, kaskazini mwa Italia, wa familia ya Campeol. Kiliingia kwenye menyu yao 1972. Waliokitengeneza ni Alba Campeol, mke wa mwenye mgahawa, na mpishi wao wa vitu vitamu, Roberto Linguanotto, ambaye kafariki 2024 tu hapa. Yaani aliyekibuni kafa wakati vijana wengi wanaosoma hapa wana simu zao mkononi. Na chimbuko lake sio la kitajiri hata kidogo. Watu wa kule walikuwa na kawaida ya kupiga kiini cha yai na sukari mpaka kiwe kizito, wakampa mgonjwa anayepata nafuu au mama aliyetoka kujifungua ili arudishe nguvu. Huku kwetu mzazi anapewa mtori au uji wenye pilipili manga, kule anapewa yai na sukari. Ndo hicho kikaongezewa kahawa na jibini, kikavalishwa suti.

Tena Waitaliano wenyewe hawajamaliza ugomvi. Mwaka 2017 wizara yao ya kilimo ilikiorodhesha kama chakula cha asili cha jimbo jirani la Friuli Venezia Giulia, ambako hoteli moja ya mji wa Tolmezzo inasemekana ilishakuwa nacho tangu miaka ya 1950. Watu wa Veneto, jimbo la Treviso, wakawaka moto. Kama wenye mali bado wanagombea nani mwenye mali, wewe wa Masaki hati miliki umeipata wapi?

Sasa njoo kwenye mapishi yenyewe, maana ndipo staa alipojimaliza. Mwaka 2010 wenzetu wa Treviso walipeleka mapishi yao mbele ya mwanasheria, yakasajiliwa rasmi. Ni haya: viini vya mayai 12, sukari nusu kilo, mascarpone kilo moja, biskuti 60, kahawa, na kakao ya kunyunyizia. Basi. Hakuna Marsala wala tone la pombe. Hakuna krimu ya kopo, hata ute wa yai haumo. Marsala aliyoipigia kelele staa watu wameiongeza baadaye, na anayeipenda aweke, hakuna ugomvi. Lakini kumwambia binti anayewapikia watu ambao nusu yao ni Waislamu kwamba bila mvinyo kachakachua, hiyo ni kukariri mapishi bila kuyasoma.

Chukua sasa hiyo orodha, tembea nayo Ruhembe.

Sukari. Hapa inabidi mtu acheke kidogo. Kampuni ya Kilombero Sugar ina viwanda pande mbili za Mto Ruaha Mkuu, na kile cha upande wa Kilosa, kinachoitwa K2, kinabeba jina hilo hilo la Ruembe. Sukari nyingi iliyopita kwenye chai ya staa tangu utotoni imetoka kwenye huo udongo. Mabibi na mababu wa huko wamekata miwa, wamelima vishamba vyao na kuuza kiwandani, wamevuta moshi wa mashamba yanayochomwa kabla ya kuvunwa. Msimu wa mavuno, majivu meusi ya miwa yanadondoka mpaka kwenye nguo ulizoanika, na ndo maana huyo binti vikombe vyake vina mfuniko. Sio urembo ule. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika nchi nzima, bei ikapaa, wanaoishi kwenye miwa nao waliipata hiyo bei. Halafu leo mtu anawaambia kitu tamu sio saizi yao.

Kahawa. Nchi hii inalima kahawa Kilimanjaro, Mbinga, Mbozi, Kigoma na Kagera, na Italia ni mmoja wa wanunuzi wakubwa wa hiyo kahawa. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa hiyo kahawa ya "kutoka Italia" ya kwenye pakiti ya dhahabu ya staa ilishapita bandarini kwetu ikiwa mbichi. Ruhembe kuna kahawa ya unga ya Bukoba dukani, na kuna wazee wa kijiweni na mabirika yao juu ya mkaa. Ukitaka kuchukua kwa wazee, wahi kabla hawajatia tangawizi. Kahawa ya tiramisu iwe nzito, chungu, haina sukari, imepoa kabisa. Ikiwa ya moto biskuti inayeyuka, unabaki na tope. Na ukifikiria vizuri, mtu wa kijiweni anayekunywa kahawa chungu huku anang'ata kashata ameshaelewa tiramisu zamani sana, hajaipanga tu kwenye bakuli.

Kakao ndo habari inayokera kuliko zote. Ukitoka Ruhembe, ukavuka Kidatu, ukapita Mang'ula na Ifakara, ukaendelea mbele, unafika Mbingu. Pale kuna kampuni inaitwa Kokoa Kamili, inanunua kakao mbichi kwa wakulima wa bonde la Kilombero, inaivundika, inaikausha, inaiuza kwa watengeneza chokoleti wa Marekani na Ulaya, ambao wanaandika Tanzania kwenye karatasi ya chokoleti kwa kujivunia. Mkoa huo huo wa Morogoro! Halafu dukani Mikumi unanunua kikopo cha unga wa kakao kilichovuka bahari kuja kwetu. Binti wa Ruhembe anapata punje zake kwa mtu anayetokea huko Ifakara. Anazikaanga kwenye kikaango kavu kama karanga, anazimenya, anazitwanga. Punje ya kakao karibu nusu yake ni mafuta, kwa hiyo haitoki unga mkavu kama wa kopo, inatoka rojo. Yeye analiacha lile rojo lishikane kwenye friji, kisha analikwangua kwa upande mdogo wa kikwaruzo cha karoti juu ya kikombe. Linatoka vumbi zito la kahawia linalonukia kuliko unga wowote wa kopo. Staa aliliona kwenye picha, akasema ni Milo.

Biskuti hazihitaji ndege. Savoiardi ni mayai, sukari na unga wa ngano, hakuna siri nyingine. Unapiga ute peke yake mpaka usimame, viini na sukari peke yake mpaka viwe vyeupe, unachanganya kwa mwiko taratibu na unga kidogo, unaoka. Na kumbuka mapishi ya krimu yanatumia viini tu, kwa hiyo ute unabaki mwingi, unaingia humu, hakuna kinachomwagwa. Huyo binti hana oveni. Ana sufuria mbili za bati nene na mkaa chini na juu, teknolojia iliyooka keki za kipaimara na maulidi za nusu ya nchi hii. Anamimina mchanganyiko mwembamba, unaiva kwa dakika chache, anakata vipande virefu kama vidole, anavirudisha kwenye joto dogo vikauke mpaka vilie ukivivunja. Kukauka ndo kila kitu, maana kikiwa kibichi kikigusa kahawa kinakufa. Unachovya, unahesabu moja, unatoa.

Sasa mascarpone, lile jina ambalo staa alilitamka mara nne kwa Kiitaliano cha puani. Mascarpone ni krimu ya maziwa iliyopashwa moto ikatiwa kitu chachu ikaganda. Haina rennet, haikai miezi ikisubiri kuiva. Malai, ndimu na moto, mwisho. Unaacha maziwa yatulie kwenye chombo kipana sehemu ya baridi mpaka mafuta yapande juu, unayaengua. Lita kumi za maziwa mazito zinakupa kama lita moja ya krimu, na ng'ombe wetu wa kienyeji, huyo anayedharauliwa kwa kutoa kidogo, maziwa yake yana mafuta mengi kuliko ya ng'ombe wa kizungu anayetoa ndoo mbili. Krimu unaiweka kwenye sufuria inayokaa juu ya sufuria nyingine ya maji, unapasha mpaka karibu ichemke lakini isichemke, kama nyuzi 85. Unatia maji ya ndimu au limao vijiko viwili vya chakula kwa lita, unakoroga dakika kadhaa huku moto upo, mpaka iwe nzito inashika mwiko. Ikipoa unaimimina kwenye kitambaa kisafi kilichochemshwa, inachuja usiku kucha kwenye friji. Asubuhi una kitu cheupe, kizito, kitamu kwa mbali, ambacho supermaketi kinauzwa kwenye kikopo kidogo kwa bei ya kilo ya nyama. Na yale maziwa yaliyoenguliwa? Huyo binti anayagandisha, anauza mtindi kwa vibarua wa kiwandani. Faida yake kubwa iko hapo, sio kwenye vikombe.

Haya, turudi kwenye maziwa ya akina mama wa Kimasai, maana staa alijifanya anaongelea afya.

Hoja ya afya ni ya kweli na haitakiwi kuchekewa. Maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe, na yanaweza kubeba ule ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba, ambao ukimpata binadamu anakaa na homa isiyoisha. Anayekunywa maziwa mabichi Kilosa, Mikumi au popote pale anacheza na mwili wake. Sawa kabisa. Lakini dawa ya maziwa mabichi ni moto, na viwanda vya maziwa vinatumia nyuzi 72 kwa sekunde 15 au nyuzi 63 kwa nusu saa. Mascarpone haiwezekani bila nyuzi 85 kwa dakika kadhaa. Yaani huwezi kuitengeneza ikabaki mbichi hata ungetaka, haitaganda! Hicho kitu alichokiita uchafu kimepikwa kuliko maziwa ya pakiti yaliyo kwenye friji lake.

Sasa mgeukie yeye. Video zake bado zipo, kila mwenye bando akatazame. Tiramisu yake anavunja mayai, anatenga viini, anapiga na sukari kwa mashine, anachanganya na mascarpone, anapanga, anapeleka kwenye friji, anakula na wageni. Moto uko wapi? Haupo. Mayai mabichi mwanzo mwisho. Yai bichi linaweza kuwa na salmonela, na wanaoumizwa zaidi ni watoto, wazee na wajawazito. Sendoff gani Tanzania hii haina wajawazito watatu na bibi wawili meza ya mbele? Mapishi ya zamani ya Treviso ni ya viini vibichi, hilo halifichwi, na Waitaliano wengi wanayatengeneza hivyo mpaka leo. Ila ukishachagua kusimama mbele ya watu laki kadhaa kumsema mwenzio usafi, anza na bakuli lako.

Binti wa Ruhembe anapika viini vyake. Bakuli la bati juu ya sufuria ya maji yanayofukuta, viini na sukari ndani, anapiga kwa mkono bila kuacha mpaka vibadilike rangi, vivimbe, viwe vya moto ambao huwezi kuvumilia kidole. Waitaliano wana jina lake, zabaione, na wao wanaitengeneza hivyo hivyo juu ya maji ya moto. Salmonela inakufa kwenye nyuzi 71, na viini vikitiwa sukari vinavumilia huo moto bila kuwa mayai ya kukaanga, mradi mkono hausimami. Ni kazi ya kuchosha bega. Kwa kazi hiyo alistahili kupongezwa, akaambulia kuchekwa.

Kuna jambo moja staa angeweza kumsema nalo na kila mtu angekaa kimya: friji. Krimu ya mayai na maziwa bila baridi ni balaa linalosubiri saa, na bonde lile joto lake sio la mchezo. Umeme ukikatika saa sita mchana na vikombe 80 viko ndani, unafanyaje? (Tena ukikatika pua na mdomo na bwawa la Kidatu, megawati 204 zinazozalishwa pale pale, jamani.) Binti ana jibu la kimaskini lakini ni jibu: anakodi nafasi kwenye friza la muuza samaki anayelijua, upande wake mwenyewe, barafu za chupa chini na juu, na vikombe vinavyokaa nje zaidi ya saa mbili haviuzi. Anavila na wadogo zake au anavimwaga. Hapo ndipo mtu mwenye jina na wadhamini angemsaidia kwa ushauri, pengine hata friza. Hakuuliza.

Na isieleweke kwamba kila anayepanga tabaka mbili kwenye kikombe apewe maua. Kuna wenzake, tena mjini zaidi kuliko vijijini, wanaopiga majarini na sukari ya unga, wanachovya biskuti za chai kwenye maji ya kahawa yenye rangi tu, wanapaka poda ya chokoleti tamu juu, wanaita tiramisu na bei wanaweka ya tiramisu. Hao wapondwe, na wapondwe vizuri. Mafuta ya majarini yanagandia kwenye paa la mdomo, kahawa haisikiki, unakula sukari juu ya sukari. Tiramisu bila uchungu ni keki iliyolowa. Hata binti naye ana doa: kwenye tangazo lake kaandika "orijino ya Italia". Sio kweli na haina haja. Angeandika ya Ruhembe, akataja sukari ya hapo, kakao ya Mbingu na maziwa ya akina mama wanaopita asubuhi, angekuwa na kitu ambacho hata Treviso hawana. Lile neno "orijino" ndo lilimpa staa mlango wa kuingilia.

Lakini tusijifanye hatujui staa alikuwa anatafuta nini. Siku mbili kabla ya ile video alitangaza darasa lake la mtandaoni la tiramisu, ada shilingi 50,000 kwa kichwa, na chini yake tangazo la duka linalouza mascarpone, savoiardi na mvinyo, ambapo ukitaja jina lake unapunguziwa bei. Ukishajua kwamba mascarpone ni malai na ndimu, hilo darasa unalipia nini? Binti wa Ruhembe hakuwa mchafu wala mshamba. Alikuwa ushahidi mbaya kwa biashara ya mtu. Picha moja ya kikombe cha shilingi 2,000 inaua darasa zima, ndo maana ikabidi kichekwe kikombe.

Wanaosema "ni utani tu, asiwe na moyo mdogo" wajibu swali la madumu mawili. Lita 40 zilifika Jumatano alfajiri kama zilivyoagizwa, na akina mama waliokuja nazo walishalipwa, hawakuhusika na video ya mtu. Binti hakuzimwaga. Aliengua, akapika krimu yote, akagandisha mtindi, akashinda Ijumaa na Jumamosi kwenye njia ya kutokea kiwandani na dishi lake la barafu. Mtindi uliisha. Vikombe alishusha mpaka shilingi 1,000 kwa sababu wengi walikuwa wameshaiona ile video na walitaka kwanza waonje cha mwenzao. Walioonja walirudi, ila waliorudi ni wachache na muda ulikuwa umeisha. Kwenye advansi ya kamati karudisha 45,000. Anadaiwa 35,000, na mama mweka hazina, ambaye ni mama mwema tu, anampigia kila baada ya siku mbili kumkumbusha.

Staa ana njia rahisi. Ile video aitoe. Kwenye zake za mayai mabichi aandike kwa herufi kubwa kwamba mjamzito, mtoto na mzee wasile. Na hizo 35,000, ambazo hazifiki hata ada ya mwanafunzi mmoja wa darasa lake, azitume Mikumi kwa kamati. Jina la binti alikuwa nalo siku ile anarekodi, kwa hiyo mwenye deni hatakuwa wa kumtafuta.